Skrubu ya Sita

Manaus, 3 Juni 2019

Shemeji Adauto,

Boti la Nonato linaondoka kesho asubuhi kuja huko Santarém, kwa hiyo naandika upesi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linauma kila mto unapopanda, na mwaka huu umepanda hadi ngazi ya tatu ya soko. Sikupigii simu kwa sababu nayajua masikio yako. Mara ya mwisho nilikueleza kuwa nimepika supu, ukanipa pole ya msiba.

Nina jambo. Ucheke kwanza, kisha unisaidie. Nataka kuunda kompyuta ndogo ndani ya kasha la gemu, la aina ile ile tuliyokuwa tukiiunganisha kiwandani. Kibao chake nimeshakinunua. Kinaenea kiganjani, kinatumia umeme wa chaji ya simu, na ukikiunga na televisheni kinaonyesha picha. Kwenye mlo wetu wa Agosti, watu wa laini ya tatu tutakapokutana, nataka kuliweka kasha mezani kati ya samaki na unga wa muhogo, niliwashe kwa swichi yake ya zamani, na kila mtu ajione alivyokuwa mwaka 1992, kabla hatujafukuzwa kazi.

Picha ninazo sitini na mbili. Ya Gentil sijaiweka. Wewe unajua sababu, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia bila aibu. Watu wangeinuka mezani. Mpaka leo wanasema kwamba mume wangu ndiye aliyepeleka majina yetu kwa meneja, na miaka minane tangu tumzike haijawalainisha. Katika watu wote wa laini, wewe peke yako ulishika jeneza lake. Sijalisahau hilo.

Sasa swali: nitumie kasha lipi? Lipo lile letu, juu ya kabati, ambalo ndani yake tulitia sahihi watu kumi na wawili kwamba tutasimamisha kazi. Karatasi ingekamatwa langoni tulipokuwa tukipekuliwa, ndiyo maana tukaandika kwenye plastiki, nikalifunga kwa mkono wangu, na Gentil akalificha ghalani kwake. Tangu alitoe kiwandani chini ya koti, maana mtunza ghala hakupekuliwa, halijafunguliwa. Nadhani limekaa vya kutosha. Wewe ulikuwa mkaguzi; uliyafungua makasha mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Niambie nikate wapi ili kibao kikae.

Kucha zako zimetoka rangi ya kijani, Kasuku, au bado?

Zulmira


Santarém, 11 Juni 2019

Shemeji Zulmira,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya samaki kwenye pembe. Mwambie Nonato kwamba barua si kitambaa cha kufutia mikono.

Nimecheka, kama ulivyoamuru. Sasa kazi. Usikate plastiki kwa kisu cha moto. Tumia msumeno mdogo, polepole. Ondoa nguzo mbili za nyuma zilizokuwa zikishika ubao wa zamani, na uziache nne za mbele. Tundu la kaseti liache wazi, joto lipate pa kutokea. Manaus si mahali pa kufungia mashine kwenye sanduku lisilo na hewa. Swichi ya zamani inafaa, lakini isafishe miguu yake kwa spiriti kabla ya kulehemu, la sivyo risasi haitashika. Ulikuwa fundi wa kulehemu kuliko sisi sote, kwa hiyo sitakufundisha zaidi.

Ila si kasha lile. Plastiki ya umri ule huvunjika kama biskuti. Isitoshe, kile ni kitu cha kumbukumbu, na kitu cha kumbukumbu hakipigwi msumeno. Nina kasha jingine hapa karakanani. Nonato atakuletea, usilipe chochote.

Kuhusu Gentil, umefanya vyema kutoiweka picha yake. Mwache apumzike. Wanaoanza kusahau ukiwakumbusha, watamfukua.

Kucha zangu ni safi tangu mwaka ule.

Adauto


Manaus, 24 Juni 2019

Shemeji Adauto,

Kasha lako limefika na ufa kutoka pembe hadi pembe. Nonato anaapa kwamba hakulikalia. Hata hivyo ufa ningeuziba. Tatizo ni kwamba ni la toleo la baadaye, nguzo zake zimesimama katikati, na kibao kingelala mshazari kama mlevi kwenye bembea. Mkaguzi mzima, hukuliona hilo? Umezeeka, shemeji.

Basi kesho nalifungua lile la kabatini. Nimeshaliteremsha na kulifuta vumbi. Matundu ya skrubu yamezibwa na uchafu mgumu kama lami, nitauondoa kwa sindano. Usifoke. Majina nitayafunika kwa karatasi ngumu ili joto lisiyaguse, na sitakata chochote mahali palipo na sahihi ya mtu. Watu watashika mezani kasha lile lile tulilolishika. Kati ya wenzetu, Valdelice atalia, na Ozeas atajifanya amekwamwa na mwiba.

Zulmira


Santarém, 1 Julai 2019

Shemeji Zulmira,

Usilifungue. Barua hii ikikukuta bado hujalifungua, lirudishe juu ya kabati unisubiri. Nitapanda boti mwenyewe mwanzoni mwa Agosti, nitakuja na vifaa vyangu, nami nitalifungua kwa utaratibu unaotakiwa.

Siku ya maziko nilikuomba unipe kasha hilo liwe ukumbusho wangu wa Gentil, ukaninyima. Sikukulaumu. Leo nakuomba tena. Nitakununulia jingine zuri kuliko hilo, la toleo lile lile, lisilo na ufa.

Nijibu mara moja.

Adauto


Manaus, 9 Julai 2019

Shemeji Adauto,

Barua yako imenifikia jana. Kasha lilikuwa limeshafunguliwa, kama nilivyokuandikia. Usijisumbue kuja.

Kazi inaendelea. Nguzo mbili nimeziondoa na swichi imeshika vizuri. Lakini kuna kitu kimoja kimenitatiza, na kwa kuwa kumbukumbu yangu si ya kutegemea, nakuomba uniandikie sheria ya rangi za skrubu, kama ulivyokuwa ukituandikia ubaoni kila Jumatatu. Nilipoondoa uchafu nimekuta skrubu tano zina rangi nyekundu, nyekundu yangu, lakini imepasuka. Ya sita, ile ya katikati, ina kijani juu ya nyekundu.

Nani alikuwa akipaka kijani? Niandikie sheria nzima.

Zulmira


Santarém, 17 Julai 2019

Shemeji Zulmira,

Sheria ilikuwa hivi. Anayelifunga kasha kwa mara ya kwanza hupaka nyekundu juu ya skrubu zote sita. Mkaguzi akilazimika kulifungua tena, anapolifunga hupaka kijani kwenye skrubu ya sita, juu ya nyekundu iliyovunjika, ili atakayelishika baadaye ajue kwamba limefunguliwa baada ya kuunganishwa. Kijani ilikuwa rangi ya mkaguzi pekee.

Hata hivyo, yafaa ukumbuke kwamba chupa ya kijani ilikaa mezani kwangu bila kufuli. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kupita kwenye laini aliweza kuichovya. Mtunza ghala alipita mara nne au tano kwa siku. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu ni marehemu na alikuwa rafiki yangu. Lakini mtu aliyelifungua kasha ili asome majina, na akataka kuficha alichofanya, angeweza kufikiri kwamba kijani ingeonekana kuwa jambo la kawaida.

Naona uchungu kukuandikia haya. Umeniuliza, nami nimejibu.

Adauto


Manaus, 26 Julai 2019

Adauto Bentes,

Sheria umeiandika vizuri. Hukukosea hata nukta.

Sikukuambia yote niliyoyakuta, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Nilitaka kuona utajaza nini mahali nilipoacha wazi. Umejaza jina la mume wangu.

Sasa sikiliza kilichokuwa ndani. Majina yapo kumi na moja. La saba halipo. Mahali pake plastiki imekwanguliwa kwa ncha ya bisibisi, kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, na imesalia herufi moja ya mwisho pamoja na mkia wa sahihi. Mkia huo nimeutazama kwenye barua zako kwa miaka ishirini na saba. Ulitia sahihi yako katika chumba cha kubadilishia nguo, umeme ukiwa umekatika, na Valdelice alikushikia tochi. Nijibu basi. Tuseme Gentil aliiba rangi yako. Je, jina lako alilikwangua kwa faida ya nani?

Nimekumbuka pia jinsi meneja alivyotusoma langoni. Alisoma kwa mpangilio ule ule wa sahihi, kuanzia na langu, ndipo tukajua kwamba kasha limeonwa. Baada ya mtu wa sita akamtaja wa nane. Wewe alikutaja mwisho kabisa, bila kuangalia karatasi. Jioni ile ukatuambia, “Mimi mkaguzi bwana, idara yangu nyingine, ndiyo maana kaniweka mkiani.” Tukakuamini. Ozeas akakununulia bia.

Gentil hakufukuzwa, kwa kuwa hakuwa wa laini na hakutia sahihi. Huo ndio ukawa ushahidi wote dhidi yake. Ozeas alimtemea mate sokoni. Mimi sikumtemea. Nilifanya baya zaidi: sikumuuliza. Miaka kumi na tisa nilimpikia, nikamfulia, nikamtundikia chandarua juu ya bembea yake ya kulalia, nisimuulize hata mara moja. Mwaka 1998 aliliteremsha kasha mwenyewe akaliweka mezani. Akasema, “Zulmira, lifungue. Nikilifungua mimi watasema nimelichezea. Fungua wewe, uangalie.” Nikamwambia, “Litoe hapo, nataka kuandaa chakula.” Niliogopa kukuta kwamba walikuwa wakisema kweli. Akalirudisha juu ya kabati, akala, akanishukuru kwa chakula. Hakunitajia tena.

Bisibisi ilikuwa kwenye droo ya meza hiyo hiyo.

Sitaki uje. Sitaki uniombe radhi. Nataka barua moja, yenye tarehe na sahihi yako nzima, inayosema ulichofanya. Ukiiandika kama ile yako ya mwisho, nitajua.

Zulmira Tavares


Santarém, 6 Agosti 2019

Shemeji Zulmira,

Neno “shemeji” nitaliandika hadi utakaponikataza.

Mimi, Adauto Bentes, mkaguzi wa laini ya tatu, ndiye niliyelifungua kasha, Jumatatu tarehe 17 Agosti 1992, Gentil alipokwenda kula. Nilikuwa na ufunguo wa ghala kwa ajili ya kuchukua mashine zenye kasoro, nikalichukua hadi mezani kwangu. Gentil hakujua.

Sikukusudia kumuuza mtu. Nilitaka kuliondoa jina langu tu. Tangu nitie sahihi nilikuwa nikijiona nimesimama nje ya lango. Niliona kwamba nyinyi kumi na mmoja mnatosha. Jina lilipobaki herufi moja, meneja akaingia kutafuta mashine ya kuwaonyesha wageni. Hakufoka. Alichukua kalamu mfukoni mwangu, akayanakili majina, kisha akaniuliza, “Na hili ulilolikwangua, la nani?” Nikasema, “Sijui, bosi.” Akazitazama kucha zangu, zilikuwa na unga wa plastiki. Akasema, “Haya, lifunge, rudisha ulipolitoa.”

Nikalifunga. Mkono ukachovya brashi kwenye kijani wenyewe, kama ulivyokwisha kufanya kwa maelfu ya makasha. Nilitambua kesho yake, na kasha lilikuwa limeshatoka kiwandani.

Walipoanza kumshuku Gentil nilijiambia kwamba yatapita baada ya wiki mbili. Baada ya mwezi ikawa vigumu. Baada ya mwaka ikawa haiwezekani, kwa sababu ningelazimika kueleza mwaka mzima wa kunyamaza, na kila mwaka deni hilo la maneno likaongezeka. Alipougua nilikuja Manaus ili nimwambie. Tulicheza domino siku tatu. Siku ya tatu akaniambia, “Wewe tu ndiye unayekanyaga hapa, Adauto. Wenzako wananiona mavi.” Nikazichanganya kete, tukacheza tena. Kwenye maziko nilishika jeneza upande wa kichwa, kwa kuwa ndio mzito zaidi. Nilidhani hilo lilikuwa jambo la maana.

Barua yangu ya tarehe 17 mwezi uliopita haina udhuru. Lile la mwaka 1992 lilikuwa woga. Hili nililiandika nimeketi, nimekunywa kahawa, na kabla ya kufunga bahasha nikalisoma mara mbili kutafuta makosa.

Barua hii itumie upendavyo.

Adauto Bentes


Manaus, 26 Agosti 2019

Adauto Bentes,

Mlo ulikuwa jana. Tulikuwa saba, wa laini ndio waliobaki hao, ukiondolewa wewe.

Mashine imefanya kazi. Tundu la kaseti nililiacha wazi kama ulivyoshauri, na ushauri ulikuwa sahihi: kibao hakikupata joto. Niliiweka mezani. Wakaishika, wakaigeuza, Valdelice akaitafuta kaseti aipulize kabla ya kuiingiza, kama zamani. Kisha nikaiwasha.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Gentil, amesimama mlangoni mwa ghala, kalamu sikioni.

Ozeas akaisukuma sahani yake. “Zulmira, tafadhali. Tunakula.”

“Kaa chini.”

“Nakaa. Lakini mzime huyo kwanza.”

“Hazimwi mtu leo. Tazama inayofuata.”

Iliyofuata ilikuwa barua yako. Nimeipiga picha kurasa zote. Mwandiko wako ni mkubwa na safi, hata Valdelice mwenye mtoto wa jicho aliweza kuusoma kwenye televisheni, na aliusoma kwa sauti. Alipofika penye jina lililokwanguliwa akasimama.

“Kasuku? Kasuku huyu huyu wa kucha?”

“Huyo huyo.”

“Jamani, mimi ndiye niliyemshikia tochi! Nilikuwa namwambia, andika vizuri bwana, tusije tukashindwa kukusoma!”

Hakuna aliyecheka. Akaendelea hadi mwisho, pale penye domino na penye jeneza. Samaki wakapoa. Ozeas ndiye aliyesema kwanza, naye alisema akiitazama meza: “Alikuwa amebeba ndizi siku ile. Nilimtemea mate mbele za watu. Hakuziangusha ndizi.”

Nikamwambia kwamba najua. Shati nililifua mimi.

Kisha akaniomba nilifungue kasha. Nikatoa skrubu, nikaondoa karatasi ngumu, wakayaona majina yao na lile pengo la saba. Valdelice akatoa kalamu kwenye mkoba, akanipa. Nikakataa kuishika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kuliandika jina la mume wangu, nami nikaitumia kuandaa meza. Ikabidi aandike Ozeas. Ameandika herufi zote: Gentil Tavares. Plastiki iliyokwanguliwa hushika wino kuliko iliyo nyororo. Nadhani hilo hukulijua.

Baada ya hapo wakataka kuziona picha zote. Ya Gentil waliirudia mara mbili bila mimi kusema neno.

Leo asubuhi nimelifunga kasha. Skrubu tano ni zile za zamani, ya sita ni mpya, na zote nimezipaka nyekundu. Usiniandikie tena. Neno lile unaloanzia barua zako, sasa nakukataza.

Skrubu niliyoitoa ni yako. Imo ndani ya bahasha hii. Sijaisafisha.

Zulmira Tavares,
mjane wa Gentil